Upepo wa matairi: namba ya kufuata imeandikwa mlangoni mwa gari

Kila alfajiri magari ya abiria huondoka Dzaleka, makazi ya wakimbizi yaliyo katika wilaya ya Dowa, kuelekea Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Safari hiyo ni ya takriban kilomita 40, kwa njia ya Dowa na kisha barabara kuu ya M1 inayopita Lumbadzi. Ndani ya magari hayo wamo wachuuzi wanaofuata bidhaa mjini, wagonjwa wenye miadi hospitalini, na watu wanaokwenda kufuatilia hati zao katika ofisi za City Centre. Tangu mwaka 2023, serikali ya Malawi ilipotekeleza agizo la kuwarejesha Dzaleka wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini, safari hiyo imekuwa sehemu ya maisha ya watu wengi ambao hapo awali hawakuihitaji.

Kinachowashikilia wote barabarani ni matairi manne, na kila moja hugusa lami kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Tena, si mpira unaobeba gari. Gari hubebwa na upepo uliofungiwa ndani ya mpira, na upepo huo ukipungua, mpira hulazimika kufanya kazi ambayo haukuumbwa kuifanya.

Kupima upepo huchukua dakika tano na hakuhitaji fundi. Hata hivyo, ni kazi ambayo madereva wengi huifanya kwa jicho, au kwa kulipiga tairi teke. Njia zote mbili hudanganya. Matairi ya siku hizi, yenye nyuzi zilizopangwa kutoka ukingo hadi ukingo, huvimba kidogo upande wa chini hata yanapokuwa sawa. Tairi lililopoteza robo ya upepo wake linaweza kuonekana kama la jirani yake lililo kamili. Katika malori yenye matairi pacha nyuma, hali ni mbaya zaidi, kwani tairi la ndani halionekani kabisa, na mgongo wa lori hushikiliwa na lile la nje mpaka nalo lichoke.

Namba iko wapi

Kosa la kwanza ni kufuata namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Namba hiyo, ambayo mara nyingi huwa psi 44 au 51 kwa gari dogo, ni kikomo cha juu ambacho tairi hilo linaruhusiwa kujazwa. Haisemi lolote kuhusu gari lililolivaa. Tairi lile lile linaweza kufungwa kwenye magari mawili yenye uzito tofauti, na kila moja likahitaji upepo wake.

Namba ya kufuata ni ya mtengenezaji wa gari. Huandikwa kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, pale mlango unapofungia. Katika magari machache huwa ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Kwa magari madogo mengi kipimo hicho huwa kati ya kilopaskali 220 na 250. Mabasi madogo aina ya Hiace, ambayo hutumia matairi ya kubebea mizigo, huhitaji zaidi, mara nyingi kilopaskali 300 na kuendelea. Mara nyingine namba ya mbele na ya nyuma hazilingani, na hilo si kosa la uchapaji: injini iko mbele, abiria na mizigo wako nyuma, na mtengenezaji amepima vyote viwili.

Hapa ndipo ugumu wa Lilongwe na Dzaleka unapoanza. Sehemu kubwa ya magari ya barabara hizo, zikiwemo Toyota Sienta zinazofanya kazi ya teksi, yalitumika kwanza Japani kabla ya kufika Malawi. Karatasi ya mlangoni imeandikwa kwa Kijapani, na dereva akiitazama huiona kama pambo. Lakini alama mbili tu zinatosha kuisoma. Alama 前 ina maana ya mbele, na alama 後 ina maana ya nyuma. Maneno 空気圧, yakionekana juu ya jedwali, yanamaanisha shinikizo la upepo. Kando yake kuna ukubwa wa tairi, kwa mfano 185/60R15, kisha namba ya kilopaskali. Iwapo karatasi imebanduka, kitabu cha gari huwa na maelezo hayo. Na kama kitabu nacho hakipo, namba ya gari la aina na mwaka ule ule, lenye matairi ya ukubwa ule ule, ni mwongozo bora kuliko kukisia.

Vipimo vitatu katika uwanja mmoja

Geji nyingi zinazotumika Malawi husomeka kwa psi, yaani pauni kwa inchi ya mraba. Karatasi ya Japani husema kilopaskali. Na fundi aliyejifunzia kazi Bukavu, Uvira au Bujumbura, katika nchi zilizorithi desturi za Kifaransa, amezoea kipimo cha bar, ambacho mafundi wengi hukiita kilo tu: "weka kilo mbili na tatu," akimaanisha 2.3. Katika karakana moja ya Dzaleka watu watatu wanaweza kuzungumzia tairi moja na kila mmoja akataja namba yake, wote wakiwa sahihi.

Hesabu ya kuunganisha vipimo hivyo si ngumu. Bar 1 ni sawa na kilopaskali 100, na ni sawa na psi 14.5. Kwa hiyo kilopaskali 220 ni bar 2.2, na ni psi 32. Kilopaskali 230 ni psi 33, 240 ni psi 35, na 250 ni psi 36. Asiyekumbuka anaweza kugawanya kilopaskali kwa 7. Jibu litakuwa pungufu kidogo, kwa nusu psi hivi, na tofauti hiyo haina madhara. Kwenye karatasi za magari ya zamani huonekana pia namba kama 2.2 yenye alama ya kilo kwa sentimita ya mraba. Hiyo inakaribiana sana na bar, na inaweza kuchukuliwa hivyo hivyo.

Tairi lipimwe likiwa limepoa

Namba ya mlangoni ni ya tairi lililopoa. Tairi huhesabiwa limepoa ikiwa gari limesimama kwa muda wa saa tatu au zaidi, au halijatembea zaidi ya kilomita moja na nusu kwa mwendo wa taratibu. Wakati unaofaa ni asubuhi, kabla ya safari na kabla jua halijapiga upande mmoja wa gari.

Kofia ya valvu hufunguliwa, geji ikakandamizwa wima juu ya valvu kwa nguvu moja. Mlio wa upepo unaotoka ukiendelea, geji haijakaa vizuri, na namba itakayoonekana itakuwa pungufu. Ni vyema kupima mara mbili. Kofia irudishwe: haizuii upepo peke yake, lakini huzuia vumbi na matope yasiingie kwenye valvu, na vumbi la Dowa wakati wa kiangazi ni jingi.

Tatizo la wakaazi wengi ni kwamba bomba la upepo liko mbali. Dereva wa Dzaleka anayesubiri kufika kituo cha mafuta mjini hufika na matairi ya moto, na geji humwonyesha namba kubwa kuliko ukweli. Ufumbuzi ni geji ya mkononi na hesabu ndogo ya kutoa. Tuseme asubuhi, nyumbani, tairi lililopaswa kuwa na psi 32 lina psi 27. Limepungukiwa na 5. Likifika kituoni likiwa moto na kusoma 30, dereva hatakiwi kulifikisha 32. Anatakiwa kuongeza zile 5 na kulifikisha 35. Likipoa litarudi kwenye 32. Anayeishia kwenye 32 wakati tairi ni moto ataamka kesho yake akiwa na takriban 29.

Kwa sababu hiyo hiyo, kutoa upepo kwenye tairi la moto kwa hofu kwamba limejaa mno ni kosa. Mtengenezaji alijua kwamba tairi litapata moto njiani, na aliiweka ile namba ya mlangoni akilijua hilo.

Majira nayo yana sehemu yake. Kila hali ya hewa inaposhuka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, tairi la gari dogo hupoteza takriban psi 1.5 bila hata tundu moja. Lilongwe iko katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, ilhali mchana wa Oktoba hupita 30. Gari lililojazwa upepo Oktoba mchana na kuachwa hivyo hivyo huingia majira ya baridi likiwa na upungufu wa psi 3 au zaidi kwa sababu ya joto peke yake. Juu ya hapo, kila tairi, hata jipya, huvuja polepole kupitia mpira wenyewe, kiasi cha psi 1 hivi kwa mwezi. Ndiyo maana kupima mara moja kwa mwezi, na kabla ya kila safari ndefu, si ushauri wa kupindukia.

Kinachopasua tairi

Imani moja imeenea kutoka pwani ya Kenya hadi Malawi: kwamba siku za joto kali upepo upunguzwe ili tairi lisipasuke. Imani hiyo imegeuza ukweli juu chini. Tairi lenye upepo pungufu hukunjika ubavuni kila linapozunguka, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hukunjika na kunyooka mara kadhaa kila sekunde. Kukunjika huko huzaa joto ndani ya mpira. Joto huilegeza gundi inayoshikilia nyuzi za chuma na tabaka za mpira, na tabaka hizo huanza kuachana. Tairi halipasuki kwa sababu upepo umezidi. Linapasuka kwa sababu mwili wake umepikwa.

Dunia ilijifunza somo hilo kwa gharama kubwa. Mwezi Agosti mwaka 2000, kampuni ya Firestone iliyaita matairi yapatayo milioni 6.5 yarudishwe, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari aina ya Ford Explorer nchini Marekani. Kashata zake zilikuwa zikibanduka barabarani na magari kupinduka, na vifo zaidi ya 250 vilihusishwa na kasoro hiyo. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, ukiwemo utengenezaji wenyewe, lakini mjadala mmoja ulihusu upepo: Ford ilipendekeza psi 26, Firestone ikashauri 30. Katika majimbo yenye joto, gari likiwa limejaa na likienda kasi, tofauti hiyo ilikuwa na uzito. Bunge la Marekani lilitunga sheria mwaka huo huo, na kutokana nayo magari mapya madogo yanayouzwa huko yanalazimika kuwa na taa ya kumwonya dereva upepo unapopungua. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa magari mapya yote ya abiria kuanzia Novemba 2014. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, ambayo ndiyo yafikayo Malawi, hayana taa hiyo. Dereva ndiye taa.

Mzigo ndio unaofanya upungufu mdogo kuwa mkubwa. Ubavuni mwa tairi, baada ya ukubwa wake, kuna namba ya uwezo wa kubeba. Namba 84, kwa mfano, ina maana ya kilo 500. Matairi manne ya aina hiyo hubeba kilo 2,000 kwa pamoja, na ndani ya hesabu hiyo umo uzito wa gari lenyewe, wa dereva, wa abiria, na wa magunia yaliyo nyuma. Uwezo huo unahesabiwa tairi likiwa na upepo wake kamili. Ukipungua, uwezo nao hupungua. Gari la viti saba lililobeba watu tisa na magunia mawili ya mahindi, likiwa na psi 25 mahali pa 33, limekwisha kuvuka mpaka hata kama halijaanza safari. Karatasi nyingi za mlangoni hutoa namba ya pili, ya juu zaidi, kwa gari lililojaa. Madereva wa abiria wangefaa kuifuata hiyo kila siku, kwa kuwa gari lao halitembei tupu.

Kujaza kupita kiasi nako kuna madhara, ingawa si ya haraka hivyo. Tairi hukaa juu ya mgongo wake, kashata za katikati huisha kabla ya zile za pembeni, breki hushika kwa eneo dogo zaidi, na kila shimo la barabarani hupiga rimu na mifupa ya gari. Tairi linaloisha katikati limejazwa mno. Linaloisha pembeni kote kuwili limekosa upepo. Fundi mzoefu husoma alama hizo kama barua.

Wakati wa mvua

Kati ya Novemba na Aprili barabara za Malawi huloa, na hapo upepo huwa na kazi nyingine. Tairi linapopita kwenye maji mengi hutakiwa kuyasukuma pembeni. Likishindwa, hupanda juu ya maji na kuteleza, na usukani huwa mwepesi ghafla mikononi mwa dereva. Watafiti wa shirika la anga la Marekani, NASA, wakichunguza matairi ya ndege katika miaka ya 1960, walionyesha kwamba mwendo ambao hali hiyo huanza hutegemea shinikizo la upepo. Kwa hesabu yao, tairi lenye psi 32 huanza kupanda juu ya maji kwenye takriban kilomita 94 kwa saa, na lenye psi 22 kwenye takriban 78. Hesabu hiyo ni ya maji mengi na tairi lisiloweza kuyakamua, yaani kipara. Tairi lenye kashata nzuri lina nafasi zaidi, lakini mwelekeo ni ule ule: upepo ukishuka, mwendo wa hatari nao hushuka.

Kwa fundi wa pancha

Kazi ya pancha, ambayo katika miji ya Kongo huitwa quado, ni miongoni mwa kazi ambazo mtu anaweza kuanza nazo akiwa na pampu, beseni la maji na vyuma viwili vya kufungulia tairi. Kwa mwenye gari, fundi huyo ndiye mtaalamu wa karibu zaidi, na maswali machache anayoulizwa huokoa mengi.

Tundu lililo kwenye kashata, la msumari wa kawaida, huzibika vizuri. Tundu la ubavuni halizibiki kwa usalama, kwa sababu ubavu ndio unaokunjika kila mzunguko, na kiraka hakitavumilia. Tairi lililotembezwa likiwa tupu, hata kwa kilomita mbili, lifunguliwe na kutazamwa ndani: unga mweusi wa mpira au mstari uliochanika kuzunguka ubavu ni ishara kwamba limekwisha, hata kama nje linang'aa. Tairi linalopungua kila wiki bila msumari kuonekana lipakwe maji ya sabuni kwenye valvu na ukingo wa rimu, mapovu yatasema.

Wanunuzi wa matairi yaliyotumika, na ni wengi tangu kwacha iliposhushwa thamani kwa asilimia 44 mnamo Novemba 2023 na bidhaa za kigeni kupanda bei, wana kitu kimoja zaidi cha kutazama. Mwishoni mwa mfululizo wa herufi ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya duara la mviringo: 2319 ina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa ghalani. Tairi la miaka kumi lenye kashata nzuri ni tairi la miaka kumi, na nyufa ndogo ubavuni hazizibwi na upepo sahihi.

Kuhusu mafuta, ambayo Malawi imeyakosa vituoni mara kwa mara katika miaka ya karibuni, faida ipo lakini isikuzwe. Wizara ya Nishati ya Marekani hukadiria kwamba kila psi 1 inayopungua kwenye matairi yote huongeza matumizi ya petroli kwa takriban asilimia 0.2. Upungufu wa psi 10 ni asilimia 2 hivi. Kinachoungua haraka zaidi ni tairi lenyewe.

Na lipo la tano, lile linalosahaulika chini ya mizigo. Tairi la akiba huvuja kama mengine, na siku ya pancha kwenye M1 usiku hugundulika kuwa nalo ni tupu. Lile jembamba linalokuja na magari mengi ya Japani huhitaji kilopaskali 420, yaani psi 60, karibu mara mbili ya yale mengine, na halipaswi kuendeshwa zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Halikutengenezwa kwa ajili ya kurudi Dzaleka na abiria saba; limetengenezwa kulifikisha gari kwa fundi aliye karibu.